Kwa mkalimani mpya: siku mzee anapomteua wakili

Unayeanza ukalimani kwenye ofisi za mawakili hapa England, kazi moja utakayokutana nayo sana ni LPA (Lasting Power of Attorney), hati ambayo mtu, angali na akili timamu, anamteua mwakilishi wa kumwamulia mambo siku akipigwa kiharusi au ugonjwa wa kusahau ukimzidi. Ziko mbili. Ya fedha na mali yaweza kuanza kutumika mapema, mwenyewe akiridhia. Ya afya na matunzo husubiri mpaka apoteze uwezo wa kuamua. Zote husajiliwa kwanza Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayosimamia hati hizi.

Wazee wetu wengi huteua watoto. Wapo wasio na mtoto huku, na wapo ambao wanao hawasalimiani. Hao ndio humteua wakili kwa malipo. Kwa fedha, sawa kabisa. Kwa afya, mimi sipendi: wakili atajuaje kama mzee huyu hataki kuogeshwa na mwanamke? Ila maoni hayo yabaki kwako, umekuja kutafsiri. Mzee akikugeukia, "Mwanangu, nimesahau nini?", mpelekee wakili swali hilo lilivyo.

Aya ya malipo itafsiri polepole, hata kama wakili anaikimbilia. Wengi hutoza kwa saa, na simu ya kuuliza hali ya akaunti nayo ni dakika zake.

Halafu kuna mahali nilipojikwaa. Fomu ina matakwa na ina maagizo. Matakwa mwakilishi huyazingatia. Maagizo lazima ayatii. Mimi vyote nilikuwa navisema "anachotaka". Mzee mmoja wa Tanga alikuwa akimtumia dada yake pesa kila mwisho wa mwezi. Akasema, "Andikeni nataka aendelee kupata." Nikatafsiri nilivyozoea. Wakili akaweka kalamu chini: anapenda, au anaamuru? Nikamrudishia mzee. Akanyamaza kidogo, akasema, "Si amri, kijana wangu. Dada ana haki yake, lakini je, nikikosa mimi chakula huku?" Ikaandikwa matakwa.

Si jambo dogo. Sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kujiamulia (Mental Capacity Act) haimruhusu mwakilishi kugawa mali ya mtu apendavyo. Zawadi za harusi, za sikukuu au za siku ya kuzaliwa, na sadaka kwa mashirika ya hisani ambayo mwenyewe alikuwa akiyachangia, zinaruhusiwa kwa kiasi kinachoendana na mali yake. Zaidi ya hapo ni ruhusa ya Court of Protection, mahakama ya mambo ya watu wasioweza kujiamulia. Hela ya kila mwezi ya kwenda Tanga isipotajwa popote, wakili makini huenda akaisimamisha kwanza, aulize baadaye.

Mwishoni huja mtu wa kuthibitisha kwamba mzee ameelewa na hakushurutishwa. Hawezi kuwa ndugu yake wala mwakilishi aliyeteuliwa, na kwa kawaida huomba watoto watoke nje. Wewe unabaki. Binti akichungulia mlangoni na kusema, "Baba anamaanisha hivi," itafsiri na hiyo, useme ni binti aliyesema.