Jibu: Binti yangu anapenda tufe, aige nani?

Dada, umesema bintiyo anachekwa shuleni eti tufe ni la wanaume, ukaomba jina la mwanamke wa kuigwa. Mwonyeshe Valerie Adams, mrushaji tufe wa New Zealand, ambaye mama yake alitoka Tonga.

Tufe la wanawake lina kilo 4, yaani pakiti mbili kubwa za unga wa ugali. Sasa hilo Valerie alilifikisha mita 21.24 kule Daegu, Korea Kusini, mwaka 2011! Alikuwa bingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2007 hadi 2013, na dhahabu ya Olimpiki akaichukua Beijing 2008.

Kisa cha London 2012 ndicho kinachoniuma. Alimaliza wa pili, kisha mshindi, Nadzeya Ostapchuk wa Belarus, akapatikana na dawa za kusisimua misuli. Valerie akavishwa dhahabu yake baadaye, nyumbani Auckland. (Sisi Wakenya habari za dawa tunazijua, tunyamaze tu.) Tokyo akapata shaba akiwa mama wa watoto wawili, na mdogo wake Lisa, aliyemfundisha mwenyewe, akashinda dhahabu ya Paralimpiki.

Siku moja mpeleke uwanja wa Kasarani, Nairobi, atazame warushaji wakijinoa. Ataona tufe linavyobanwa shingoni, chini ya taya, hadi chaki inabaki kwenye ngozi. Halitupwi kama jiwe, linasukumwa, na nguvu inaanzia miguuni. Kwa hiyo aanze na kuchuchumaa na kuruka; mikono itafuata.