Baiskeli mpya ya 185,000: gia 21, pa kufungia keria hakuna

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nzega. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita 7, njia ya vumbi, ina mchanga sehemu mbili na korongo moja. Dukani nimeona baiskeli mpya kabisa ya gia 21, shokapu mbele na nyuma, breki za diski, 185,000. Pembeni yake kuna ya mtumba ya Kijapani yenye kikapu, rangi imechubuka, nayo wanataka 200,000. Phoenix mpya, ile baiskeli ngumu ya gia moja, kwa sasa siiwezi. Mume wangu anasema kipya ni kipya. Kuna ubaya gani nikichukua hiyo mpya, halafu nikawa nabadilisha kifaa kimoja kimoja kadiri kinavyokufa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usiichukue.

Ningeishia hapo, ila hilo neno lako la mwisho, la kubadilisha kifaa kimoja kimoja, nalisikia kibandani kwangu karibu kila wiki, na anayelisema huwa ameshatoa hela. Wewe angalau umeuliza kabla. Mumeo msalimie, umwambie kwamba wahenga waliosema kipya kinyemi hawakuishia hapo, walimalizia: ingawa kidonda.

Tuanze na hesabu. Ndani ya hiyo 185,000 kuna faida ya mwenye duka, kuna wa jumla aliyemuuzia, kuna lori kutoka Dar es Salaam, kuna ushuru, kuna meli. Kiwanda kimepata kilichobaki, na kwa hicho hicho kimekupa shokapu mbili, diski mbili, vibadilisha gia viwili na friwili (meno ya gurudumu la nyuma) ya gia saba. Phoenix haina hata kimoja katika hivyo na bado ni ghali kuliko hiyo. Hela imekatwa mahali, na imekatwa pale ambapo wewe dukani huwezi kupaona: ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), ndani ya ekseli ya pedali, na kwenye chuma chenyewe.

Mwezi uliopita nilifungua moja ya namna hiyo. Mwenyewe ni kijana anayezungusha maandazi asubuhi, alikuwa nayo wiki kumi na moja, na malalamiko yake ni kwamba "inakwaruza kidogo huku nyuma". Nilitoa ekseli ya nyuma nikaivingirisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha ninachokiweka mezani kwa kazi hiyo. Ekseli nzima huteleza kimya. Hii ilikuwa inaruka, tap, tap, tap, kama mtu anayechechemea. Koni (nati inayobana gololi) ya upande wa kulia ilikuwa imechimbika vishimo vishimo, gololi mbili zimepasuka. Grisi ya kiwandani ilikuwa doa la njano la ukubwa wa punje ya mahindi upande mmoja, na upande wa pili pakavu. Msinijie na hadithi kwamba ilikauka kwa jua. Grisi iliyokauka huacha ukoko mweusi, na pale hapakuwa na ukoko. Haikuwahi kuwekwa.

Sasa sikiliza kwa nini ekseli hizo zinapinda, maana hapa ndipo watu wanaponikasirisha na gia zao. Kwenye gurudumu la friwili ya kufunga kwa uzi wa skrubu, friwili hukaa nje ya gololi za upande wa kulia. Kwa hiyo kutoka gololi zilipo hadi fremu inaposhikia kuna kipande cha ekseli, unene milimita 10, kinachoning'inia bila kushikwa na kitu. Friwili ya gia moja ni nyembamba na kipande hicho kinakuwa kifupi. Ukiweka friwili ya gia saba, kinarefuka, na kila shimo unalolipiga njiani linakikunja. Chuma kizuri hustahimili, cha bei hiyo hakistahimili. Yaani kwenye baiskeli ya bei ya chini kabisa, gia unazozifurahia ndizo zinazodhoofisha gurudumu linalobeba uzito wako, na umezilipia.

Miaka ile Shinyanga ilipojaa daladala za baiskeli, mtu anabeba abiria mzima nyuma kutwa nzima, sikumwona hata mmoja anayefanya kazi ile kwa gia 21. Walikuwa na zile za gurudumu la 28, gia moja, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Walijua wanachokitafuta, kwa sababu baiskeli ikilala, na familia inalala njaa. Kabla ya hapo baba zetu walikuwa na Swala, baiskeli iliyotengenezwa na kiwanda cha NABICO hapa hapa nchini, na haikuwa na shokapu.

Shokapu hizo nazo nisizipite. Ya nyuma inameza nguvu za mguu wako kila unapokanyaga, na fremu pale inapojikunja imewekewa bushi ya plastiki. Bushi ikilika, gurudumu la nyuma linayumba kama mkia wa mbwa, na kipuri chake mimi sijawahi kukiona dukani. Tena angalia hiyo fremu vizuri: keria utaifunga wapi? Madaftari ya darasa zima utayabeba mgongoni kilomita 7? Madigadi nazo hazina pa kukaa, na masika wewe utaingia darasani na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi shingoni. Halafu utafute kibandiko kidogo karibu na ekseli ya pedali. Nyingi wameziwekea, kwa maandishi ya kusoma na miwani, kwamba baiskeli hii si ya kupita njia mbaya. Umbo la baiskeli ya milimani, na aliyeitengeneza mwenyewe anakukataza kutoka kwenye lami.

Turudi kwenye kubadilisha kidogo kidogo. Mwalimu, kwenda na kurudi ni kilomita 14 kwa siku. Kwa mwaka wa shule hizo zinapita kilomita 2,500. Kitakachoanza kufa ni gurudumu la nyuma, na gurudumu la nyuma lililosukwa upya kwa habu ya maana na spoku zisizoota kutu, kwangu linafika karibu theluthi ya hiyo 185,000. Itafuata ekseli ya pedali. Ukiitoa utakuta mkono wa pedali na meno yake vimepigwa ribiti pamoja, jino likilika unanunua vyote. Pedi za hizo diski zina maumbo mengi, na duka la Nzega likiwa na umbo moja ushukuru. Ukishabadilisha vyote hivyo umelipa bei ya Phoenix, na bado umekalia fremu ile ile ambayo chuma chake, pale ekseli inapobanwa, ni chembamba kiasi kwamba nati ikikazwa sawasawa kinabonyea. Chuma kibovu hakibadilishwi kwa spana.

Hiyo ya Kijapani basi. Rangi kuchubuka si ugonjwa. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe, uweke sikio kwenye siti: mkwaruzo wowote wa ndani utausikia hapo. Kisha shika rimu, itikise kushoto na kulia. Ikigonga kidogo ni marekebisho tu, ikiyumba sana waachie. Chomoa nguzo ya siti utazame ndani kama kutu imekula. Pitisha kidole chini ya fremu pale kwenye ekseli ya pedali na nyuma ya shingo ya usukani, ukitafuta ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi. Ufa ukiwepo, hata wakikupa bure usichukue. Kama ina gia tatu za ndani ya habu, zijaribu zote. Zikiingia ni neema, zisipoingia iache, vipuri vyake huku ni kutafuta sindano.

Ubaya wake nao nikwambie. Tairi zake ni nyembamba, na pale kwenye mchanga utateremka usukume. Wa gia 21 naye atateremka, usijali. Na siku ya kununua tairi usikubali kuambiwa "26 ni 26". Hizo za Kijapani nyingi ni 26 kwa 1 3/8, na rimu yake ni kubwa kuliko ile ya 26 ya baiskeli za milimani kwa milimita 31. Muuzaji atakuambia itavutika. Haivutiki.

Huyo muuzaji ndiye anayenipeleka kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Baiskeli mpya za bei hiyo huja kwenye boksi zikiwa vipande, na anayeziunga ni kijana mwenye spana moja na nyundo, analipwa kwa idadi. Anabandika magurudumu, anakaza usukani, anapuliza tairi, anaipanga nje ing'ae. Habu hafungui, spoku hagusi. Nimeletewa baiskeli tatu mwaka huu ambazo uma wa mbele umefungwa kinyume, mkunjo wake unaelekea kwa mpanda, na mwenye baiskeli anashangaa kwa nini anagonga gurudumu kwa kidole cha mguu kila anapokata kona. Hizo zilikuwa mpya.

Pedali ya kushoto ndiyo kilio changu kikubwa. Uzi wake ni wa kinyume: inakazwa kwa kuzungusha kushoto. Huyo kijana hajui, au anajua na ana haraka, basi anaisukuma kwa nguvu za kulia mpaka uzi wa mkono wa pedali unalika. Wiki ya pili pedali inadondoka. Hapo anaingia fundi wa nyundo, ambaye mitaani kwetu hakosekani, anachukua pedali na kuichomelea moja kwa moja kwenye mkono wake kwa umeme, anapiga rangi nyeusi, anadai elfu tano. Chuma kilichochomwa hivyo kinakuwa kigumu na kukatika kama muwa. Kinakatika siku umesimama juu ya pedali unapanda korongo, uzito wote uko mguu mmoja. Ukiona pedali iliyochomelewa, hata kwenye hiyo ya Kijapani, usiulize bei.

Wapo pia wanaowaambia watu habu haihitaji kufunguliwa kwa sababu "inazunguka". Hata ya yule wa maandazi ilikuwa inazunguka. Hao hao ndio wanaomwagia cheni oili chafu ya gari, nyeusi, imejaa unga wa chuma wa injini, kisha vumbi la Nzega linaganda humo linakuwa msasa. Ukitaka kujua cheni yako imefikia wapi, weka rula: kutoka pini moja hadi ya ishirini na nne mbele yake ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita, badilisha kabla haijala na meno.

Na kuna wazazi. Watoto wanaletewa baiskeli ndogo za namna hii hii, zenye ncha za kung'aa na kengele, breki yake kipande cha plastiki. Mzazi anabana breki kwa mkono wake wa mtu mzima, inashika, analipa. Mpe mtoto mwenyewe abane, nawe usukume baiskeli kwa nyuma. Juzi tulifanya hivyo hapa na msichana wa miaka saba. Alibana kwa mikono yote miwili, akauma meno, na gurudumu likaendelea kuzunguka.