Gari la umeme na baridi kali: usiuziwe betri usiyoihitaji

SWALI: Fundi, naishi Minneapolis na ninaendesha Nissan Leaf ya 2018, mtumba. Majira ya joto nilikuwa napata maili 140 kwa chaji moja. Sasa ni Januari, baridi imefika nyuzi 20 chini ya sifuri, na hata maili 80 sizifikishi. Gereji moja imeniambia betri imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Kila baridi ikikaza naletewa swali hili, na karibu kila mara kuna mtu gereji ameshatangaza kifo. Betri yako haijafa. Kwenye baridi, kimiminika kilicho ndani ya seli (vile vibetri vidogo vinavyounda betri) huwa kizito kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe, lithiamu, madini yanayobeba chaji, inapita kwa shida, na betri inashindwa kutoa umeme wote iliotunza. Joto likirudi, maili nazo zinarudi.

Tena mlaji mkubwa ni hita. Injini ya petroli hutoa joto jingi la bure, nalo ndilo linalokupasha miguu. Gari la umeme halina joto la bure, linachota betrini. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme, Leaf ikiwemo, kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri. Bila hita, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa, asilimia 41. Wewe uko kwenye nyuzi 20, kwa hiyo hizo maili zako hazinishangazi hata kidogo.

Pasha gari joto likiwa bado limechomekwa nyumbani. Ukiwa njiani tumia zaidi joto la kiti na la usukani, halafu kagua upepo wa matairi, maana baridi huupunguza.

Ukitaka kujua afya ya betri, tazama vile vistari 12 vidogo pembeni mwa kipimo cha chaji. Hivyo haviyumbishwi na baridi ya asubuhi moja. Vikishuka chini ya tisa kabla ya miaka 8 au maili 100,000, dai dhamana ya Nissan. Fundi asiyeviangalia, wala kuunganisha kifaa cha kusoma seli, hajapima kitu. Amepiga ramli, na anataka umlipe maelfu ya dola kwa ramli hiyo.

Kuna wengine hatari zaidi: wanaojitapa kwamba wanaweza kuondoa kizuizi cha chaji ili betri ijae haraka kwenye baridi. Gari linachaji polepole kwa makusudi. Ukilazimisha chaji seli zikiwa chini ya sifuri, lithiamu hujipaka juu ya grafiti (kaboni inayoitunza ndani ya seli) badala ya kuingia ndani, na uharibifu huo hautengenezeki. Januari 2024 foleni zilijaa kwenye vituo vya chaji Chicago, watu wakapiga kelele kwamba magari ya umeme hayafai. Mengi yalikuwa yamefika na betri baridi, yanajilinda. Norway kuna baridi pia, na mwaka huohuo karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme.

Usikubali pia ushauri wa kuweka jiko la mkaa au la gesi chini ya gari ndani ya banda. Hewa yake ya sumu inaua watu. Na boksi la betri lina volti zaidi ya 300: ukimwona mtu analifungua bila glavu za kukinga umeme, chukua ufunguo wako uondoke.