Kabla ya kukopa tangi la pili, soma mita yako

Wiki hii dada mmoja wa Ilazo, hapa hapa Dodoma, ameniandikia. Maji kwake yanatoka kwa mgao, bili imepanda, na mumewe anataka wachukue mkopo wa vikoba wanunue simtanki la pili la lita 5,000. Anauliza: "Dada, nyie mlinunua la ukubwa gani?"

Hatukununua, mdogo wangu. Tangi letu ni lile lile la lita 2,000 tulilohamia nalo Miyuji. Tuko watu sita ndani ya nyumba, na kiangazi kilichopita hakuna boza lililoingia getini kwetu. Nalisema kwa kujidai, na nina haki hiyo, kwa sababu jambo hili nililipigania.

Mume wangu naye alikuwa wa tangi. Bili ilikuwa imefika uniti 19 kwa mwezi, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Tulikuwa tunalipia madumu 950! Mimi nimekulia Mvumi, ambako kiangazi mama zetu walifukua mchanga wa korongo mpaka maji yatokeze, na uzito wa dumu moja kichwani naujua. Nikajiuliza madumu yote hayo yanapotelea wapi kwenye nyumba ambayo hata bustani haina. Tangi kubwa lisingenijibu swali hilo. Lingenipa tu maji mengi zaidi ya kupoteza.

Mtaani jibu lilikuwa moja: hewa. Maji yakirudi baada ya mgao, hewa iliyokaa kwenye bomba hutangulia na kuzungusha mita kabla tone halijafika. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. Fundi tuliyemwita naye akasema ni hewa, akapokea hela yake, akaondoka. Lakini hewa huisha maji yakishaanza kutoka. Mita yangu ilikuwa inazunguka usiku wa manane, tangi limejaa, watu wamelala.

Siku ya zamu yetu ya maji nilifunga koki ya kuingilia kwenye tangi, nikaenda na tochi kwenye mita. Tazama vizuri uso wa mita yako, kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakiwa machache. Changu kilikuwa kinazunguka taratibu, hakisimami. Maana yake maji yanapotea kati ya mita na tangi, chini ya ardhi, na kipande hicho cha bomba ni mali yako na hasara yake ni yako.

Nilipoieleza familia, shemeji yangu mmoja alisema mbele ya wageni kwamba mke wa kaka yake siku hizi halali, anachunga mita. Wakacheka wote. Sijalisahau neno lile na sitajifanya nimelisahau.

Tukachimba kuanzia getini. Bomba lilikuwa limelazwa juu juu kabisa, pale pale gari linapopita, na kwenye kiungio maji yalikuwa yanachuruzika na kunywewa na mchanga bila kuacha unyevu wowote juu. Ardhi yetu ya Dodoma ndivyo ilivyo. Usisubiri dimbwi ndipo uamini kwamba bomba linavuja.

Bili ilishuka, ila haikushuka vya kunitosha. Mita haioni kinachovuja baada ya tangi, inaona tangi likijazwa tu. Kwa hiyo nilijaza tangi, nikafunga koki ya kuingilia, nikatumbukiza mti mrefu na kuutia alama ya maji yalipofika. Alfajiri, kabla mtu hajaoga, nikapima tena. Yamepungua. Mwizi alikuwa choo cha wageni: mpira wa ndani ya tangi lake ulikuwa umekakamaa kwa chumvi ya maji yetu, ukawa unaachia maji kimya kimya usiku na mchana. Ukitaka kukijua chako, mimina juisi ya rozela iliyokolea kwenye tangi la choo na usikivute. Rangi ikitokeza kwenye sinki la choo, umempata. Mpira ule hauuzwi ghali.

Mengine ni ya kawaida. Maji ya kusuuzia nguo yanaenda chooni kwa ndoo. Chupa ya lita moja na nusu, iliyojazwa maji, inakaa ndani ya tangi la choo, na kila ukivuta unaokoa kiasi hicho. Kwa watu sita wanaoenda chooni mara nne kila mmoja, ni uniti nzima kwa mwezi. Na mita inasomwa kila Jumamosi, inaandikwa kwenye daftari. Leo tuko kwenye uniti 11.

Sasa niseme na wengine, maana hili si la dada wa Ilazo peke yake. Jiji hili lilikuwa na watu zaidi ya 410,000 kwenye sensa ya 2012, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Serikali ilianza kuhamia hapa 2016, na kila anayejenga Nala, Iyumbu au Ihumwa anataka bomba. Kwa miaka mingi tegemeo letu kuu limekuwa visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Kina cha maji ya bonde hilo kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vinaonyesha kwamba maji ya chini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Miaka ya kawaida yanaongezeka kidogo tu. Kwa hiyo ndugu yangu unayeosha gari kwa mpira, unatumia akiba ya mvua iliyonyesha zamani. Na wewe mwenye nyumba unayemwambia mpangaji "bili ni yako, pambana nayo" huku bomba ulilolaza wewe linavuja, unamnyang'anya mtu.

Nikurudie, dada. Anza na mita, kisha mti kwenye tangi, kisha rozela chooni. Mkishaziba yote, mkopo wenu uwe wa gata za kukinga maji ya mvua kwanza. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dodoma hupata kama milimita 550 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo bati la mita za mraba 80 linashusha lita 44,000. Hata robo ikimwagika, inabaki miezi mitatu ya matumizi yetu hapa nyumbani. Hapo ndipo tangi la pili lina kazi, kwa sababu litajaa na kujaa tena msimu mzima. Gata zifungwe kabla Novemba haijaisha, mvua ya kwanza iachieni ioshe vumbi la paa, na inayofuata ndiyo muielekeze tangini.