Arobaini ya baba yangu Mwislamu: niende, nichangie, nile?

SWALI

Shikamoo Mchungaji. Mimi ni msharika, mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Nilizaliwa nyumba ya Kiislamu, nikabatizwa nikiwa na miaka 22, mwaka mmoja kabla ya ndoa. Baba hakufurahi, ila hakunifukuza. Siku ya harusi alikuja hadi mlango wa kanisa, akaketi nje kivulini mpaka tulipotoka. Mwezi uliopita alifariki. Siku ya mazishi nilikwenda nyumbani, lakini mwinjilisti mmoja akanionya nisihudhurie hitima, kwamba chakula kile kimetolewa kwa sanamu, na nikila nisiisogelee Meza ya Bwana. Nikabaki kwangu. Sasa arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Dada zangu wamenipangia kilo 10 za mchele na mafuta. Mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, anasema tusitoe. Nitoe? Niende? Nikienda nile? Na wakisoma dua, mimi nifanye nini?

JIBU

Marahaba mama, Bwana Yesu asifiwe. Pole sana kwa kufiwa na mzee.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kivulini, nje ya kanisa. Mtu mzima, Mwislamu wa Tanga, kanzu yake na kofia yake, watu wanapita wanamtazama, naye ameketi kumsubiri bintiye atoke na shela kichwani. Hakuingia, maana dhamiri yake haikumruhusu. Nyumbani nako hakubaki. Ukitaka jibu langu kwa ufupi ni hilo: baba yako alishakuonyesha mahali pa kukaa. Mengine ninayoandika hapa ni ya kumsaidia mume wako, ambaye nadhani atayasoma kabla yako.

Mchele toa. Toa kilo zote 10, na mafuta yake, na upeleke Alhamisi. Usiingie nao Jumamosi sufuria zimeshatelekwa, watu wakaona umeletwa na aibu. Katika Katekisimu Ndogo tuliyokaririshwa darasa la kipaimara, amri ya nne inasema waheshimu baba yako na mama yako. Haikuongezwa “wakiwa washarika”. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Na Marko sura ya 7 Bwana Yesu anawakemea watu waliokuwa na utaratibu mzuri sana wa kidini: mtu anamwambia mzazi wake, kile ambacho ungekipata kwangu ni Korbani, nimeshamtolea Mungu, na mzazi anaambulia patupu. Mwinjilisti wako hakulitaja neno Korbani, lakini alichokufundisha hakina jina jingine.

Watakuletea pia lile neno, “waache wafu wazike wafu wao.” Kweli Bwana alilisema. Alimwambia mtu aliyeitwa amfuate, naye akaomba kwanza ruhusa ya kwenda kumzika babaye. Wewe ulishamfuata, ukiwa na miaka 22, na baba yako akiwa hai anakuona. Hukumsubiri afe.

Lipo jambo moja ambalo si vizuri kulifunika. Dada zako wakisema mchele huu ni sadaka na thawabu zimfikie marehemu, hapo imani zetu zinaachana. Sisi Walutheri hatufundishi kwamba sadaka ya walio hai inamwongezea marehemu kitu mbele za Mungu. Tunamwacha mikononi mwake Yeye aliyemuumba. Kwa hiyo mkabidhi dada yako mkubwa mchele mkononi, umwambie, “Dada, huu ni wa wageni wa baba.” Basi. Usiongeze mahubiri. Yeye atanuia lake, wewe umenuia lako, na wali utaiva uleule. (Hata miongoni mwa Waislamu wenyewe wako wasioshika arobaini, na wanabishana kwelikweli. Huo ni mjadala wao, usiuingie.)

Kuhusu kula, hapa nitasema kwa ukali kidogo. Katika watu wote duniani, Mwislamu ndiye wa mwisho kumwambia kwamba chakula chake kimetolewa kwa sanamu. Ni tusi, tena tusi la kijinga. Paulo aliwaandikia Wakorintho walioishi katikati ya mahekalu ya sanamu hasa, za mawe, na bado akawaambia wakialikwa na mtu asiyeamini na wakitaka kwenda, wale kinachowekwa mbele yao bila kuulizauliza. Na hapa Tanga tuulizane ukweli: ng’ombe wa harusi yako alichinjwa na nani? Hapa usharikani kwetu tukiwa na shughuli tunamwita jirani Mwislamu achinje, ili majirani wote waweze kula. Sijawahi kumwona mwinjilisti akirudisha sahani.

Na mume wako, mzee wangu wa kanisa, nimkumbushe kwa heshima. Washenga wako walipokuja kuposa, walikaa kwenye mkeka wa nani? Wakalishwa nini? Kama pilau ya mzee yule ilikuwa halali siku ya kutaka binti, sioni imeharamika vipi siku ya kumlilia.

Wamisionari wa Kilutheri waliteremka Tanga mwaka 1890, mwaka uliofuata wakapanda Mlalo, milima ya Usambara. Walikuta mwambao unaoswali kwa mamia ya miaka, na makaburi ya Tongoni yapo mpaka leo ya kukuonyesha. Hata maneno tunayomwambia Mungu kila Jumapili, dhambi, rehema, imani, sala, sadaka, tuliyakuta midomoni mwa watu hawa. Tukikata kila kilichopita kwa Waislamu hatutabaki na wimbo mmoja wa kuimba.

Sasa dua. Hili ndilo swali zito kati ya yote uliyouliza. Naamani, jemadari wa Shamu, alipoponywa ukoma aliamua kumwabudu BWANA peke yake. Akabakiwa na tatizo moja: bwana wake mfalme akiingia kusujudu katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, huegemea mkono wake, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Akamweleza nabii Elisha. Elisha hakumpa karipio wala masharti kumi, alimwambia aende kwa amani. Ndugu zako si watu wa Rimoni, usinielewe vibaya. Ninachokiona pale ni mtu aliyeamini akiwa bado na mkono ambao mwenzake anauegemea. Basi vaa kanga yako, jifunike kichwa (Paulo angefurahi), kaa na wanawake wenzako. Wakisoma, nyamaza kwa adabu. Usiseme usichokiamini, na usikunje uso. Moyoni una Zaburi zako. Shehe akiomba Mungu awape wafiwa subira, mimi huitika “Amina” bila shida, kwa maana na mimi naliomba hilohilo. Akifika kwenye yale ya kumwombea marehemu, nanyamaza. Wachungaji wenzangu wengine wangekwambia unyamaze mwanzo hadi mwisho. Siwalaumu.

Ukisikia mtu anadai Biblia haijui misiba ya namna hii, mpeleke Mwanzo sura ya 25. Ibrahimu alipokufa, Isaka na Ishmaeli ndio waliomzika, pamoja, katika pango la Makpela. Yaliyopita kati ya nyumba zile mbili unayajua: jangwa, kiriba cha maji kilichokwisha, mtoto aliyetupwa chini ya kijiti. Siku ya baba yao walishika jeneza upande huu na upande huu. Na Yusufu alipofiwa na Yakobo, siku 40 zilipita Wamisri wakimtengeneza maiti kwa desturi yao, wakamlilia siku 70, kisha wakasafiri naye kwenda kuzika. Yusufu hakuwaambia Wamisri wakae mbali na baba yake.

Nina sababu ya kuandika kirefu hivi. Miaka ile nimetoka chuoni, kola mpya shingoni, baba yangu mdogo alifariki Pangani, Mwislamu. Nilikwenda arobaini, nikaketi barazani na wazee. Sinia ilipoletwa nikasema tumbo linanisumbua. Tumbo lilikuwa zima. Shangazi hakusema kitu. Nilipoaga akanitolea furushi, pilau ndani ya jani la mgomba, juu yake gazeti, bado lina moto. Nikalipakata kwenye basi. Kufika mikonge ya Kigombe mafuta yameshatoboa gazeti yananilowesha suruali, na iliki inanukia basi zima. Kabla ya Tongoni nikampa konda. Alikula kwa mkono mmoja, wa pili kaning’inia nao mlangoni, akamsifu mpishi mpaka tunaingia mjini. Sikujua kuwa konda yule anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi.

Sikuulizwa chochote. Nilipokwenda tena Pangani, wenzangu waliitwa uani kula mkekani. Mimi nikawekewa kiti barazani, na stuli, na chai ya maziwa, na mkate wa dukani uliokatwa vipande, kama bwana afya aliyekuja kukagua vyoo. Kila nilipokwenda, kiti, stuli, mkate. Ilipita miaka, na siku nilipoitwa tena mkekani ulikuwa msiba mwingine, wa shangazi mwenyewe. Waliokuwa wananiita walikuwa watoto wake.

Wewe hujafika huko. Ulikosa hitima moja, na dada zako bado wanakuhesabia kilo 10. Wangekuwa wamekukata wasingekupangia mchango. Mpigie dada mkubwa leo, usingoje Alhamisi, umwambie wazi kwamba siku ile ulikosea kutokuja. Usimtaje mwinjilisti, maneno yale yaishie kwetu, na yeye nitaongea naye mwenyewe wiki hii. Mume wako namruhusu asije kikao cha wazee Jumamosi hiyo. Aende mapema, asaidie kufunga turubai na kubeba maji, akae na wanaume.

Jumapili yake kuna Chakula cha Bwana. Njooni wote wawili, hakuna aliyewatenga.

Na ukifungiwa pilau ya kuondoka nayo, usimpe konda.