Kabla ya Kufungua Leja, Omba Ratiba

Mwaka wangu wa kwanza katika ofisi ya fedha ya chuo kikuu kimoja cha umma huku magharibi mwa Kenya, niliagizwa nitafute pa kupunguzia matumizi. Nikafanya anachofanya kila mgeni: nikashika vocha, zile hati za malipo. Nilikata karatasi za kuchapia, nikakata chai ya mikutano, nikamwandikia barua dereva aliyekwenda Kisumu mjini mara mbili kwa siku moja. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na maadui wa kutosha, na nilichookoa hakingelipa mishahara ya idara moja ndogo kwa mwezi. Wewe uliyeripoti kazini juzi, nakuomba uanzie pale nilipochelewa kufika.

Omba ratiba ya masomo. Gharama nyingi ambazo utashindwa kuzipunguza zilianza siku mtu alipoandika jina la somo kwenye kisanduku cha Jumanne saa nne, akaweka na jina la mhadhiri kando yake. Vocha inayofika mezani kwako miezi minne baadaye ni cheti cha kuzaliwa tu. Mtoto mwenyewe keshaanza kutembea.

Tupige hesabu. Tuseme somo lina saa 45 kwa muhula, na mhadhiri wa muda analipwa shilingi 1,500 kwa saa. Hizo ni 67,500. Darasa likiwa na wanafunzi 90, kila mmoja anagharimu 750. Likiwa na 6, kila mmoja ni 11,250. Mhadhiri hajaongezwa hata senti, na ukumbi ni uleule. Sasa kumbuka kwamba kwa miaka mingi karo ya mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali ilikuwa 16,000 kwa mwaka mzima, kwa masomo yote.

Nilipoketi na ratiba yetu nilikuta takwimu za mwaka wa kwanza zikifundishwa mara tatu kwa wiki, kwa idara tatu, kwa majina matatu, darasa moja likiwa na wanafunzi saba. Mkuu wa idara mmoja alinieleza kwa upole kwamba takwimu za kilimo si takwimu za biashara. Hakukosea kabisa. Lakini nilisoma mihtasari yote mitatu, na wiki za mwanzo zilikuwa zilezile: wastani, mkengeuko, uwezekano. Kuunganisha hayo si kazi ya kalamu nyekundu. Mtaala ni wa seneti ya chuo, wewe ni mhasibu. Peleka hesabu yako, kaa chini, kunywa chai yao. Na usitamke neno "kufuta" mbele ya mtu aliyelilea somo lake miaka kumi.

Utasikia pia watu wakisema tuongeze wanafunzi ili gharama ishuke. Waulize watakaa wapi. Kwenye mihadhara, mwanafunzi wa 91 atasimama dirishani na maisha yataendelea. Kwenye maabara yenye stuli 30, yule wa 31 anakuletea kipindi kingine kizima, pamoja na fundi wake, kemikali na gesi.

Mishahara ndiyo mzigo mkubwa, na hata watu wakiwa hodari zaidi, haitapungua. Wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza jambo hili mwaka 1966 kwa kutazama wanamuziki. Mimi hulielewa vizuri zaidi nikiwa kwa kinyozi wangu mtaani Kondele, Kisumu: mashine yake ni mpya, lakini kichwa bado ni kimoja kwa wakati mmoja, na kodi ya nyumba yake inapanda kama ya mtu yeyote. Mhadhara nao ni hivyo. Usipoteze usiku ukilaumu mkataba wa mishahara. Hakikisha tu kodi inayokatwa kwenye mishahara inafika KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, maana faini ni pesa ambayo haijamfundisha mtu chochote.

Wazee wa ofisi watakusimulia enzi za wanafunzi wa kujilipia, zilizoanza 1998, vyuo vilipokodi ghorofa mijini, Nakuru, Kisumu, Kakamega. Wasikilize. Kisha ikaja KCSE ya 2016, mtihani wa kumaliza sekondari: waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa chini ya 90,000, na serikali ikawa na nafasi za kuwachukua wote. Waliojilipia wakayeyuka. Kodi ya ghorofa haikuyeyuka, wala walioajiriwa kuzihudumia. Kwa hiyo ukiletewa pendekezo la kampasi au kozi mpya, uliza itafungwaje, hata wakikuona una mdomo mbaya.

Kuna gharama nyingine ambayo hutaiona kwenye leja kwa jina lake. Tangu 2023 pesa za mwanafunzi huja vipande vipande: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na sehemu ya familia, kila kimoja kwa siku yake. Sisi huku tunalipa kwa kuchelewa. Nilimuuliza mama aliyekuwa akituletea maharagwe ya jikoni kwa nini bei yake kwetu ilizidi ile ya soko la Kibuye, na sisi tunanunua kwa magunia. Akacheka. "Mwanangu, maharagwe ni bei ileile. Hiyo ya juu ni ya kungoja."

Nikarudi ofisini nikapanga ankara upya, si kwa ukubwa wa deni, bali kwa siku ambazo kila muuzaji amengoja na kiasi alichotupandishia. Kabla hujagusa kitu kingine, tengeneza orodha hiyo. Wachache wa juu walipwe kwanza kila pesa inapoingia, wauza vyakula hasa, kwa sababu wao ndio huongeza bei upesi.

Chai ya mikutano niliirudisha mwenyewe, kwa sahihi yangu. Dereva bado hanisalimii.