Anza na Treni Iliyo Adimu: Kupanga Safari ya Mandhari Nchini Uingereza

Mara ya kwanza nilipopanga kuizunguka Uingereza bila gari, nilifanya kama wafanyavyo wengi: niliorodhesha miji niliyoisikia tangu shuleni, nikaiunganisha kwa mistari kwenye ramani, kisha ndipo nikatafuta usafiri wa kuifikia. Nilifika kote, lakini madirishani niliona zaidi mahandaki na migongo ya maghala. Safari ya pili niliipanga kinyumenyume, na tangu hapo sijabadili utaratibu. Kwanza ninachagua njia zenye mandhari bora, ambazo mara nyingi ndizo zenye treni chache zaidi, na kuzipangia siku zake. Miji mikubwa, ambayo treni zake hupishana mchana kutwa, ninaiweka katika nafasi zinazobaki.

Njia ninayoipa nafasi ya kwanza ni ile ya Glasgow hadi Mallaig, pwani ya magharibi ya Uskoti, mwendo wa saa tano na zaidi kidogo. Treni za kawaida zinazofika mwisho wa njia hii ni tatu au nne tu kwa siku, kwa hiyo atakayechelewa ile ya asubuhi amekwishaharibu mpango wa siku nzima. Kaa upande wa kushoto. Utaona ghuba za bahari zilizoingia kati ya milima, kisha kinamasi kipana cha Rannoch, ambako reli hupita mahali pasipo na nyumba wala uzio, hadi stesheni ya Corrour iliyo mita 408 juu ya usawa wa bahari na isiyofikiwa na barabara yoyote ya umma. Baada ya Fort William linakuja daraja la Glenfinnan, lenye matao 21 ya zege, lililofunguliwa mwaka 1901. Limejengwa kwa kupinda, hivyo aliyekaa behewa la nyuma anaweza kuliona behewa la mbele likikata kona.

Lipo jambo moja ambalo tiketi haikuambii kwa herufi kubwa. Katika stesheni ya Crianlarich treni hukatwa vipande viwili, kimoja kikielekea Oban na kingine Mallaig. Mimi nilikuwa nimeshajitandaza vizuri, chai mkononi na viatu nimevua, niliposikia tangazo kwamba behewa letu linakwenda Oban. Nilitembea kwenye jukwaa la stesheni kwa soksi, begi begani na viatu kwapani, huku chai ikinimwagikia mkononi. Kabla ya kuketi, soma kibao cha behewa lenyewe, au muulize mfanyakazi wa treni.

Kutoka Mallaig unaweza kurudi ulikotoka, lakini ushauri wangu ni kuvuka kwa feri hadi Armadale, kisiwani Skye, kisha kupanda basi hadi Kyle of Lochalsh na kuchukua treni ya Inverness, safari ya saa mbili na nusu kandokando ya maji. Kiungo dhaifu hapa ni basi, kwa kuwa ni machache na hayaisubiri feri kila mara; anza kwa kuangalia ratiba yake, ndipo uchague feri. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tuwe waangalifu zaidi. Mwenzangu aliandika katika daftari “feri saa 10”, akimaanisha saa kumi alasiri, yaani 16:00 ya ratiba. Kesho yake mimi niliisoma kama saa ya Kizungu, nikamhimiza tukimbie, tukakaa bandarini saa sita tukiwatazama shakwe. Siku hizi ninaandika saa kama zilivyo kwenye ratiba, bila kuzitafsiri.

Kutoka London kwenda Glasgow ipo treni ya moja kwa moja, lakini mwenye siku ya ziada apitie Leeds na kushika njia ya Settle hadi Carlisle. Ilinusurika kufungwa mwaka 1989 baada ya wananchi kuipigania kwa miaka, na ukilivuka daraja la Ribblehead, lenye matao 24 katikati ya nyika tupu, utaelewa kwa nini walikuwa wakaidi. Wakati wa kurudi, kati ya Edinburgh na Newcastle kaa kushoto uione bahari. Njia ya Dawlish kusini-magharibi, na ile ya pwani ya Wales kupitia Barmouth, zinastahili safari yake zenyewe. Usizibane ndani ya siku mbili za mwisho.

Kuhusu tiketi, za bei nafuu kwa kawaida hutolewa takriban wiki 12 kabla, na hukufunga kwa treni moja tu: ukiikosa, unanunua nyingine. Mimi huzinunua kwa safari ndefu za London, ambako tofauti ya bei ni kubwa, lakini kwenye njia za mashambani ninalipa zaidi kidogo ili niwe huru kushuka. Mgeni atokaye Dar es Salaam au Nairobi apige hesabu ya pasi ya BritRail, yaani tiketi moja ya kusafiria treni nyingi, ambayo wakazi wa Uingereza hawaruhusiwi kuitumia. Mkazi naye atafute kadi ya punguzo, ambayo kwa kawaida huondoa theluthi moja ya nauli.

Mwezi ninaoupenda ni Mei. Mchana ni mrefu, na visubi wa Uskoti, ambao ni wadogo kuliko mbu lakini wakorofi kuwazidi, bado hawajajaa. Desemba jua la kaskazini huzama kabla ya saa kumi alasiri, na utalipia mandhari usiyoyaona. Jumapili treni hupungua, na mara nyingi reli hufungwa kwa matengenezo na abiria kuhamishiwa kwenye mabasi, kwa hiyo Jumapili yangu huwa ya kufua nguo na kutembea kwa miguu. Siku moja kabla ya ndege ya kurudi nyumbani siiwekei chochote, na usiku huo ninalala karibu na uwanja wa ndege.